Mpanda Farasi Apewa Jina

Usiku wa manane, mwalimu Ichabod Crane anarudi alikopangiwa kulala, juu ya farasi wa kuazima. Farasi mwenyewe mzee, mbavu zahesabika, jicho moja halioni. Mwalimu ametoka karamuni kwa tajiri Baltus Van Tassel: tumbo limeshiba, roho imesinyaa. Ameupita mti mkubwa ambao watu wa bonde lile wanauogopa kwa sababu hapo karibu ndipo alipokamatwa Meja John André, jasusi wa Uingereza, mwaka 1780. Sasa amefika penye kijito. Pembeni ya njia, kizani, kimesimama kitu kikubwa cheusi.

Anauliza kwa sauti ya kutetemeka: nani wewe? Hajibiwi. Anauliza tena. Kimya.

Kile kitu kinaingia njiani na kuanza kufuatana naye. Akienda mbio, nacho chaenda mbio. Akipunguza mwendo, nacho chapunguza. Wanapopanda mwinuko, pale ambapo mbingu ina mwanga kidogo, ndipo mwalimu anapomwona vizuri mwenzake wa safari. Mtu wa kimo, amejifunika joho, yuko juu ya farasi mweusi, na hana kichwa. Kichwa amekipakata mbele yake juu ya tandiko.

Mbio zinazofuata nimezisoma mara nyingi na bado hunibana kifua. Mkanda wa tandiko unakatika, mwalimu anakumbatia shingo ya farasi kama mtoto mgongoni kwa mama. Mbele kuna daraja la kanisani, na wenyeji husema mzimu ule hauvuki. Anavuka. Anageuka aone kama utatoweka kwa moto na kiberiti, kama alivyosimuliwa saa chache zilizopita karamuni. Mzimu unasimama juu ya vikuku vya tandiko, unanyanyua kichwa chake mkononi na kumrushia.

Asubuhi farasi anaonekana akila majani langoni kwa bwana wake, hana tandiko. Kando ya kijito inaokotwa kofia ya mwalimu, na karibu yake boga lililopasukapasuka.

Boga! Msomaji wa kwetu aliyelila kwenye futari ya Ramadhani, na majani yake akayalia ugali mwaka mzima, hawezi kulisoma neno hilo bila kutabasamu. Na Washington Irving, mwandishi wa kisa hiki cha Sleepy Hollow, alitaka atabasamu. Kitu cha jikoni kimewekwa mahali pa kitu cha kaburini, na mwandishi hasemi kimefikaje. Wala si boga lililochongwa macho na meno likawashwa mshumaa ndani. Hilo walilileta wachoraji na watengeneza filamu wa baadaye. Hata sikukuu ya Halloween haitajwi popote katika kisa chenyewe. Ni boga tu, limepasuka. Na kila linapotajwa, Brom Bones, kijana mbabe aliyekuja kumwoa binti ambaye mwalimu alimtaka, huangua kicheko cha mtu anayejua jambo na hasemi.

Lakini lile swali la mwalimu limebaki palepale kijitoni. Nani wewe? Mzimu haukujibu mwaka 1820, kisa kilipochapishwa. Zilipita filamu, katuni na vitabu chungu nzima, na bado ukanyamaza. Mwaka 2009 mwandishi wa Kimarekani Jessica Verday alitoa riwaya ya vijana iitwayo The Hollow, na humo mzimu ukapata jina. Anaitwa Nikolas.

Kabla ya kumkaribisha Nikolas tumjue marehemu asiye na jina aliyemtangulia. Uingereza ilipopigana na makoloni yake ya Marekani kuanzia 1775 hadi 1783, ilikodi askari wapatao 30,000 kutoka nchi ndogondogo za Ujerumani. Wengi walitoka Hesse-Kassel, ndiyo sababu wote wakaitwa Wahesse. Fedha za mkataba ziliingia katika hazina ya mtawala; askari alipata mshahara wake, na kaburi la ugenini kama hakuwa na bahati. Jenerali William Heath wa upande wa Wamarekani, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1798, aliandika kwamba siku chache baada ya vita vya White Plains vya Oktoba 1776, mzinga wao ulimng'oa kichwa Mhesse mmoja wa kikosi cha mizinga. Hakuongeza neno juu yake. Sentensi moja, kisha jenerali akaendelea na mambo yake.

Mzimu wa Irving ni mtu wa namna hiyo. Alikodiwa, akauawa katika pigano ambalo hata halikupewa jina, akazikwa uani kwa kanisa la Waholanzi, na kila usiku anatoka kwenda kutafuta kichwa chake uwanja wa vita, akikimbilia kurudi kabla ya kupambazuka. Ukifikiri vizuri ni kisa cha kusikitisha, lakini watu wa bonde hawamsikitikii. Ni kitisho chao, mali yao ya kusimulia jioni. Mgeni amegeuzwa mzimu wa wenyeji, kisha wenyeji wakautumia mzimu huo kumfukuzia mgeni mwingine.

Maana Ichabod naye ni mgeni. Ametoka Connecticut, anafundisha watoto wa Waholanzi kusoma na kuimba zaburi, analala kwa wazazi wa wanafunzi, wiki hapa wiki pale, mali yake yote imefungwa ndani ya kitambaa kimoja. Anamtazama Katrina Van Tassel, msichana wa miaka 18, lakini macho yake hayatulii kwa msichana. Yanaruka hadi ghalani. Akiona bata bandani anawaona wameshaiva sahanini. Akiona mashamba anayaona yameshauzwa, fedha zimenunua ardhi porini huko Kentucky au Tennessee, na yeye yuko mbele ya gari lililosheheni watoto na sufuria. Nani angempa shamba la ukoo mtu mwenye ndoto kama hiyo? Watoto wa shule wanasomeshwa kwamba hiki ni kisa cha mzimu. Mimi nakisoma kama kesi ya ardhi iliyoamuliwa kwa boga.

Irving alilijua bonde. Alizaliwa New York mwaka 1783, na mwaka 1798 homa ya manjano ilipoingia mjini, familia ilimpeleka Tarrytown, juu ya mto Hudson, kwa rafiki yake James Kirke Paulding. Alikuwa na miaka 15. Kisa chenyewe, hata hivyo, alikiandika ng'ambo ya bahari, Uingereza, baada ya biashara ya ndugu zake huko Liverpool kufilisika mwaka 1818 na yeye kulazimika kula kwa kalamu. Akachanganya. Bonde la ujana wake akalitilia mpanda farasi asiye na kichwa wa ngano za Kijerumani, ambazo Walter Scott, ambaye Irving alimtembelea mwaka 1817, alimhimiza azisome. Daraja ambalo viumbe wa usiku hawavuki lilikuwa tayari katika shairi la Robert Burns la Tam o' Shanter, ambamo mchawi anaambulia mkia wa farasi tu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba waandishi wa leo wameiharibu hadithi ya asili, aulizwe kwanza ni asili ipi. Irving alisimulia upya. Ustadi wake ulikuwa katika kujua aache nini bila kusema.

Na aliacha mengi. Karamu inapokwisha, Ichabod anabaki nyuma kuzungumza na Katrina peke yao. Walizungumza nini? Msimulizi anasema hajui, na anaendelea. Tunachoona ni mwalimu anatoka pale kama kuku aliyenyeshewa. Alikwenda wapi baadaye? Mkulima mmoja aliyefika New York anarudi na habari kwamba yu hai, amekuwa hakimu wa mahakama ndogo. Wanawake wazee wa bonde hawataki kusikia hilo: mwalimu alichukuliwa na mzimu, basi. Na mwishoni kabisa, msikilizaji mmoja mwenye uso mkavu anapodai aambiwe maana ya hadithi, mzee aliyeisimulia anakiri kwamba hata yeye hajaamini nusu yake.

Sisi hatuhitaji kukiri huko mwishoni, kwa sababu tunakutanguliza. Msimulizi akiita hadithi, hadhira hujibu: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Mkataba umewekwa mlangoni, mbele ya wote. Irving aliuficha mkataba huohuo kurasa za mwisho, na ndiyo sababu mtu anayemsoma kwa mara ya kwanza hutetemeka kwanza kisha akacheka.

Riwaya za kimizimu za karne hii zimeingia kupitia matundu hayohayo aliyoyaacha Irving. Alyssa Palombo, katika The Spellbook of Katrina Van Tassel ya mwaka 2018, alipita mlango wa yale mazungumzo yasiyosikika: kwake Katrina ndiye msimulizi, Ichabod alikuwa mpenzi wake kweli, na ndoa yake na Brom ni sitara kwa mimba aliyoachiwa. Christina Henry, katika Horseman ya mwaka 2021, alisogeza saa mbele hadi kwa mjukuu wa Brom na Katrina, Ben, mwenye miaka 14, aliyezaliwa msichana na anayejijua kuwa mvulana, na maiti ya mtoto isiyo na kichwa inapookotwa msituni bonde zima linakumbuka walichodai kusahau. Kwa sentensi na kwa msisimko, cha Henry ndicho bora. Ila hapa nakaa na Verday, kwa sababu ni yeye aliyekwenda moja kwa moja kwa mzimu.

The Hollow inaanza na mazishi ya jeneza tupu. Kristen, msichana wa miaka 16, ametoweka mtoni, mwili haujapatikana. Rafiki yake Abbey anasimama kaburini akiona watu ambao hawakumjali Kristen wakimlilia, na hapo anamwona mvulana asiyemfahamu, nywele zake nyeupe kama fedha zenye mchirizi mmoja mweusi. Jina lake Caspian. Ukishasoma vitabu vitatu vya aina hii unamjua Caspian kabla hajafungua mdomo. Tuko katika miaka ambayo riwaya ya Twilight, iliyotoka 2005, ilikuwa imewafundisha wachapishaji kwamba msichana wa shule na mpenzi asiye hai vizuri ni biashara nono, na meza za maduka ya vitabu zilijaa majalada meusi. Mapenzi ya Abbey na Caspian yanakwenda taratibu mno. Kuna kurasa nilizozipitia kwa kidole.

Lakini Abbey mwenyewe ana kitu. Anachanganya manukato, anaota duka lake, anazitambua siku kwa harufu. Mwanamke aliyelelewa nyumba yenye udi na asumini hatahitaji kuelezwa. Na tangu Kristen aondoke, makaburini ndiko anakopata utulivu. Anapenda kwenda kwenye kaburi la Irving. Kaburi hilo lipo kweli, katika makaburi ya Sleepy Hollow, kando ya uwanja wa zamani wa kanisa la Waholanzi. Irving alizikwa hapo mwaka 1859, na ni yeye aliyewashauri waanzilishi wapaite kwa jina la kisa chake. Verday anajua anachofanya anapomkalisha msichana wa kubuni kando ya mwandishi wa kweli.

Huko makaburini Abbey anakutana na mzee anayeyatunza makaburi, kisha na mkewe. Nikolas na Katy. Wana nyumba ndogo msituni, wanakaribisha mgeni, wanaulizana hali kama wazee waliozeeka pamoja. Abbey anawazoea kama babu na bibi. Mambo yanafunuka kwa kishindo mwishoni: mzee huyu mpole ndiye Mhesse aliyepoteza kichwa, na bibi huyu ndiye Katrina Van Tassel. Walipendana. Na Caspian naye, yule mvulana, ni maiti tangu siku ya kwanza. Msichana anatazama kila aliyemfariji tangu mazishi na kukuta kwamba karibu wote wamekufa, na anajiuliza kama amerukwa na akili.

Hapo ndipo riwaya inaponinasa, ingawa nilikuwa nimejiandaa kuidharau. Swali la mwalimu limepata jibu, na jibu ni mzee anayepalilia makaburi ya watu wengine. Verday amechukua kitisho cha miaka 189 akakipa jina, mke na mlango wa kubisha hodi. Yule aliyekodiwa, aliyevushwa bahari kwa mkataba wa mtu mwingine, akafa katika pigano lisilo na jina, amepata kwao. Wala hakupewa kwa huruma ya mwenyeji. Alipata kwa kuchaguliwa na msichana ambaye Irving alimwacha bila sauti. Brom, kidume wa kisa cha zamani, amesukumwa pembeni.

Gharama yake ipo, na ni boga. Mzimu ukiwa wa kweli, boga halina kazi. Hakuna tena mtani aliyejifunga joho usiku, hakuna kicheko cha Brom, hakuna mkulima wa kuleta habari kwamba marehemu amekuwa hakimu. Shaka, ambayo Irving aliiweka katikati ya hadithi ili sote tuzungukwe nayo, Verday ameihamishia kichwani mwa Abbey peke yake: je, mimi ni mgonjwa? Ni shaka ya karne yetu. Msichana wa leo anayeona mizimu haogopi kuchukuliwa na mzimu. Anaogopa kupelekwa kwa daktari. Ila mtu huwezi kumwogopa babu anayekupokea mgeni. Kila mwandishi anayempa mzimu historia yake anamtoa kwenye giza alimokuwa na nguvu, na nadhani Verday alilijua hilo na akaona afadhali.

Mji nao umefanya kama yeye. Mahali pale kwa muda mrefu paliitwa North Tarrytown, na riziki yake ilikuwa kiwanda cha magari cha General Motors. Kiwanda kilifungwa mwaka 1996, na mwaka huohuo wakazi walipiga kura mji uitwe Sleepy Hollow. Leo mpanda farasi asiye na kichwa amebandikwa mabegani mwa polisi, na timu za shule ya sekondari zinacheza kwa jina lake. Mhesse aliyemtafutia mtawala wake fedha sasa anautafutia mji riziki.

Nilipofika hapa katika kuandika nilirudi kwa Irving kutazama tena karamu, kwa sababu kuna watu niliokumbuka kuwaona humo. Mwalimu anacheza dansi, viungo vyote vinaruka, na milangoni na madirishani wamejazana watu weusi wa shamba, wakubwa kwa wadogo, wanamtazama wakicheka. Mpiga fidla ni mtu mweusi mwenye mvi. Aliyeleta mwaliko shuleni ni mtu mweusi juu ya mwanafarasi asiyefugika. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Kisa kilipochapishwa, utumwa ulikuwa bado halali katika jimbo la New York. Uliisha kisheria tarehe 4 Julai 1827.

Kanisa ambalo uani kwake Mhesse anatokea lilijengwa na Frederick Philipse, bwana wa ardhi yote ile, mwishoni mwa karne ya 17. Philipse alikuwa mfanyabiashara wa baharini. Meli zake zilifika hadi Madagaska kununua watu, na mwaka 1685 meli yake iitwayo Charles ilipakia mateka kutoka pwani ya mlango wa mto Kongo. Mwanawe Adolph alipofariki mwaka 1750, mali zilizobaki shambani ziliorodheshwa kwa ajili ya mirathi, na watumwa 23 wakaandikwa humo, watoto kwa watu wazima, katika karatasi zilezile za mifugo na vyombo.

Hao waliandikwa kwa majina. Huenda si majina waliyopewa na mama zao, na yaliwekwa pale ili wauzwe, lakini yapo, kitu ambacho Mhesse wa Jenerali Heath hakupata. Verday hakuwa na kazi nao. Alikuwa na askari wake wa kumrudisha nyumbani, na kazi hiyo aliifanya. Mmoja wa wale 23 alikuwa msaga nafaka, mtu aliyejua jiwe likilia vibaya na unga ukitoka moto. Ameandikwa Caesar. Kinu chake kilikuwa juu ya mto Pocantico, barabara tu ikikitenga na kanisa, na maji yanayopita chini ya daraja la mwalimu ndiyo yaliyokuwa yakizungusha gurudumu lake.